Piano Mia Tatu

Kuweka sauti piano moja ni yeni elfu kumi na tano,
na chai ya mwenye nyumba juu yake.
Kwa hiyo kila kitu nakihesabu kwa piano:
jokofu, piano tisa;
jino la dhahabu la mama, sita.
Ila gari hili lililolala Tokamachi chini ya turubai,
Fairlady ya mwaka sabini na moja,
rangi ya chungwa lililopitiliza kuiva,
hili sijawahi kulipatia hesabu
tangu nikiwa na miaka kumi na miwili.

Nimekuja na tochi, goti bovu,
sumaku niliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi,
na bahasha yenye piano mia mbili na arobaini.

Bibi Hatakeda ananiacha niiname.
Sumaku inashika mlango, inashika boneti,
inashika paa kama mtoto ashikavyo upindo wa mamaye,
kisha juu ya gurudumu la nyuma, kushoto,
inateleza, inaanguka kwenye saruji: ti!
Hapo si chuma.
Hapo ni pati, na rangi, na aibu ya mtu.
Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji
imeng'ata na kupuliza, miaka hamsini.

"Umeliona," anasema. "Chini ya betri kuna jingine.
Shozo aliziba usiku ili nisijue.
Nilikuwa dirishani."

Sasa muuzaji anayekuonyesha tundu
unamwombaje punguzo?

Kijana wa Yokohama alikuja Jumanne, viatu vikimeremeta.
Hakuinama. Simu sikioni, akataja milioni saba,
piano mia nne sitini na kitu,
kulivusha bahari, kulifungia chumba chenye kiyoyozi
lisinyeshewe tena wala kuendeshwa.
Bibi alimpa mwavuli wake, akamfungulia lango.

Anawasha.
Kikohozi, moshi, kikohozi,
halafu silinda sita zinaamka, nami nafumba macho
kama mbele ya nyuzi.
Ya tano inachelewa,
mwanakwaya aliyesahau miwani nyumbani.
Ikiwa ni kabureta, piano nne.
Ikiwa ni vali, thelathini.
Na chasisi ikiwa imeoza hadi ndani,
ni piano ambazo wenyewe hawajazinunua bado.
Rahisi ghali, najiambia.
Na ghali je? Ghali ni nini?

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Shozo aliacha madaftari kumi na moja.
La kwanza lina doa la mchuzi wa soya.
Kila lita, kila plagi, kila mvua,
na nani alikaa kiti cha pili:
*Oktoba 14. Lita 31. Mitsuyo amenuna mpaka Nagaoka.*
*Oktoba 15. Lita 28. Bado.*

"Bei?" nauliza, sauti yangu yenyewe ikihitaji fundi.

Anafunua ukurasa wa mwisho.
Jumla ya vyote, tangu siku ya kulinunua:
milioni nne na nusu,
na yeni mia tatu na kumi za balbu ya taa ya nyuma.
"Alicholipa yeye," anasema. "Sitaki faida juu ya mume wangu.
Hasara pia sitaki."

Nagawanya kichwani.
Piano mia tatu, na chai moja.

Nahesabu mia mbili na arobaini mezani.
Sitini nitazileta kumi kumi, hadi Septemba.
Napiga muhuri wangu; wino ni mkavu, napiga tena.
"Na madaftari?"
Anayavuta kifuani kwake.
"Hayo hayana bei. Hayamo."

Kwenye kituo cha petroli, kuta za theluji pande zote mbili,
nanunua daftari la yeni mia moja na kumi,
kitu pekee siku hiyo ambacho sikukigawanya.
Naandika kwa kuegemea usukani, mkono ukitetemeka na injini:

*Machi 9. Lita 38.
Silinda ya tano inachelewa.
Kiti cha pili: sumaku.*